Moto (pikipiki) ya marehemu baba inazima ikipata joto: usinunue buji (plagi) ya nne

Kijana mmoja wa Nguba, hapa Bukavu, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Jambo muzee fundi. Niko na Yamaha DT125 ya marehemu baba, ya miaka ya 70, ile ya platini. Ilikaa kwa stoo miaka mingi, sasa nimeirudisha yote, shasi imepigwa rangi mpya, injini ilifunguliwa, pistoni mpya. Asubuhi kiki mbili inawaka. Lakini nikitoka Nguba nikipanda mpaka Kadutu, kama dakika kumi na tano hivi, inaanza kukohoa halafu inazima. Nikingoja nusu saa inawaka tena kama haikuwa na kitu. Nimebadilisha buji tatu, kabureta nimesafisha mara mbili. Fundi wa kwetu anasema nitoe ile alimaji ya zamani nitie CDI ya moto ya taxi. Nifanye namna gani?"

Jambo mwanangu, na pole ya muzee. Kabla ya yote nirekebishe lugha kidogo, juu sisi watu wa huku pikipiki tunaita moto na kile kinachoruka kwa buji nacho tunaita moto, kila wiki mtu ananiletea moto ananiambia "muzee, moto haina moto", mtu wa Dar akisikia atafikiri tumelewa. Hapa nitasema cheche, tusipotezane. Alimaji ni mfumo mzima wa kutengeneza cheche, platini ni vile vyuma viwili vidogo vinavyofungana na kufunguka kuikata umeme, na CDI ni kile kiboksi cha elektroniki kinachofanya kazi ya platini kwa moto za sasa.

Sasa ya kwako. Moto inawaka ikiwa baridi, inazima ikipata joto, ikipoa inarudi. Ugonjwa huo unaishi kwenye joto peke yake. Wewe unaipima saa ngapi? Jioni nyumbani, imepoa kabisa, unatoa buji unaegesha kwa kulasi (kichwa cha injini) unapiga kiki unaona cheche, unasema alimaji iko sawa, kesho unaenda kununua buji ya tatu. Ni sawa na kumpeleka mgonjwa wa malaria kwa daktari saa ile homa imeshuka, ataambiwa hana kitu arudi nyumbani. Ipime pale pale ilipozimia, kwenye mulima wa Kadutu, watu wakikuangalia, dakika ile ile kabla haijapoa. Aibu ni ya siku moja.

Kwa hiyo ukitoka kesho weka kwa mfuko kle (spana) ya buji, tunevisi (bisibisi), kitambaa, na buji moja ya zamani isiyo na kazi. Hiyo ya zamani uinue ule mguu wake wa juu mpaka nafasi ifike milimita 5 ama 6. Najua buji ya kutembelea inataka 0.5 mpaka 0.6 hivi, lakini hii ni ya kupimia tu. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na cheche kuruka kwenye hewa iliyobanwa ni kazi ngumu sana kuliko kuruka hapa nje, njo maana unaweza kuiona mkononi mwako na ndani hakuna kitu. Ukiipa nafasi kubwa huku nje unailazimisha ionyeshe nguvu yake. Cheche nzima inaruka hizo milimita, ni ya bluu, na unaisikia inalia ta! ta!. Ya ugonjwa ni nyembamba, njano njano, inaruka moja inaruka mbili inakosa. Kama jua ni kali fanya kivuli kwa koti, juu cheche ya mchana inadanganya.

Ikizima, buji uiache kwanza. Sukuma kiki kwa mkono, pole pole. Ikiwa nzito kuliko asubuhi, kama kuna kitu kinaishika mahali, achana na habari ya umeme: ni pistoni yako mpya inabana. Kama aliyetoboa silinda alikuachia nafasi ndogo mno, hizi injini za kuchanganya oili na esanse (petroli) zikipanda mulima pistoni inavimba inashika, injini inazima, ikipoa pistoni inarudi unawasha unaenda. Ishara zinafanana kabisa na za alimaji, na ukiendelea kulazimisha utakwangua silinda yote. Kiki ikiwa laini, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia fyuuu na moto ikawaka palepale, basi kale katundu ka hewa ka kifuniko kameziba, pengine kwa hiyo rangi yako nzuri, esanse ilikuwa haishuki. Shida imeisha, rudi nyumbani.

Kama si hilo wala lile, sasa toa buji, iko na joto jiangalie vidole, ziba tundu lake kwa kitambaa, chomeka ile buji ya kupimia, mwili wake uguse chuma tupu cha injini, piga kiki. Kitambaa usikisahau, juu kila kiki silinda inatema mvuke wa esanse na wewe unarusha cheche hapo hapo kando. Nimeona nyusi za mtu zikiisha hivyo. Zilikuwa zangu.

Cheche ikiwa nzuri wakati moto imekataa kuwaka, usiguse waya hata moja, rudi kwa kabureta na kwa joini spi (sili) za vilebrekeni (shafti kubwa ya injini). Ikiwa ya njano ama haiko, tuendelee.

Ujue kwanza umeme unapita wapi. Upande wa kushoto, chini ya volani (si usukani, ni lile gurudumu zito la sumaku linalozunguka na injini), kuna bobini (koili) ndogo, sumaku za volani zikiizunguka inazaa umeme. Betri haimo kabisa, betri ni ya klaksoni na vitaa vidogo. Platini zikifungana, umeme unazungukia pale pale unarudi kwa masi (chuma cha mwili wa moto). Kam (kale kanundu kanakozunguka na volani) ikizifungua, umeme unakosa njia, unakimbia ghafla kwa waya inayotoka kwa manyeto, yaani hiyo volani na bobini yake (kwa Yamaha nyingi ni ile nyeusi), unapanda mpaka bobini kubwa chini ya tanki, hiyo njo inaukuza mpaka maelfu ya volti uweze kuruka kwa buji. Na waya ya kontakti (swichi ya ufunguo) kazi yake ni moja, kuuiba ule umeme kuupeleka kwa masi usifike juu. Yaani kwa moto hizi kuzima ni kuunganisha, si kukata kama kwa gari. Mafundi wengi waliokulia kwenye magari wanapotea hapo, wanatafuta waya iliyokatika wakati ugonjwa ni waya iliyogusana.

Njo maana kipimo cha kwanza hakina bei. Pale pale barabarani chomoa waya ya kontakti inapoungana na ile inayotoka kwa manyeto, chini ya tanki, piga kiki. Cheche ikirudi umeshamaliza, shida ni kontakti ama ni waya yake imebanwa ama imeungua mahali. Ujue tu kwamba sasa ufunguo hauzimi kitu, ukitaka kuzima weka vitesi (gia) ya juu, shika breki, achia ambreyaji (klachi) taratibu.

Hii naisema kwanza juu iliwahi kunila siku nne. Nilikuwa kijana kwa garaji moja, wakatuletea AG100 (Yamaha ingine) ya mission, inafanya hivi hivi kama ya kwako, na mimi nikajua kila kitu kama vijana wanavyojua. Nikatupa kondensa mbili na bobini nzima. Kumbe ni waya ya kontakti, mtu aliipitisha karibu na silinda, plastiki yake ikipata joto inalegea, waya inagusa pezi (yale mapezi ya kupoza) za silinda, ikipoa inaachia. Mkubwa wetu aliitoa bei ya ile bobini kwa mshahara wangu, na mpaka leo sioni alinionea wapi.

Kuna kitu kingine moto iliyorudishwa inacho, ile iliyochakaa haina. Rangi! Bobini ya chini ya tanki inashika masi kupitia mwili wake na visi (skrubu) zake kwa shasi, na shasi inashika injini kupitia bulo (bolti) zake. Wakati wa baba yako pale palikuwa na kutu na oili na vumbi lakini chuma kiligusa chuma. Wewe umepaka vizuri, kila mahali, hata chini ya visi, na rangi haipitishi umeme. Kwa hiyo masi inapita kwa bahati, kwa kale kamstari ambako uzi wa visi ulikwangua, injini ikitetemeka na kupata joto njia inakuja inaenda. Chukua multimeta, weka kwa ohm, ncha moja kwa mwili wa bobini, ingine kwa pezi ya silinda iliyo chuma tupu. Inatakiwa isome karibu na zero, yaani kama vile ukigusanisha ncha zenyewe. Ikisoma zaidi, ama inachezacheza, toa bobini, kwangua rangi chini ya visi mpaka chuma king'ae, weka rondeli (washa) ya meno, paka grisi kidogo kwa nje juu ya kutu, maana hapa Bukavu mvua inatupiga karibu miezi tisa kwa mwaka. Mimi nyumbani naongeza waya moja kutoka visi ya bobini mpaka bulo ya injini. Haipendezi macho, sawa, lakini haijawahi kuniangusha.

Haya, tufike kwa yule ninayemshuku mimi. Kondensa. Ni kile kikopo kidogo cha chuma kilichofungwa kando ya platini, ukubwa wa ncha ya kidole, na kwa moto ya umri huu, iliyokaa stoo miaka mingi, mimi ningeanza kumtilia mashaka kabla hata sijavua koti. Platini zikifunguka umeme hautaki kusimama, unataka kuruka ile nafasi. Kondensa inaupokea kwa kitambo kidogo sana ili platini zikatike safi. Ikiwa imekufa, umeme unaruka kwenye platini zenyewe badala ya kuruka kwa buji. Na ndani yake ni karatasi nyembamba ya bati imekunjwa pamoja na kitu cha kuzuia umeme, hicho cha kuzuia kikizeeka kinaanza kuvuja, na kinavuja zaidi kikipata joto. Sasa fikiria iko wapi: chini ya volani, imebanwa na injini, hakuna upepo. Asubuhi inafanya kazi kama mpya, ukifika katikati ya mulima imechemka, inavuja, cheche inakuwa ya njano, moto inakohoa, inazima. Ukingoja nusu saa inapoa. Hiyo ni stori yako neno kwa neno.

Namna ya kuikamata: usiku, ama ndani ya garaji giza, moto ikiwa bado na joto, toa kifuniko cha kushoto, angalia platini kwa dirisha la volani wakati mtu anapiga kiki. Kacheche kadogo kwa platini ni kawaida. Ukiona mwanga mkubwa mweupe wa bluu kama wa mtu wa kusude (kuchomelea vyuma), kondensa imekwisha. Ukiisha kutoa volani angalia pia uso wa platini: kama upande mmoja kuna kilima na mwingine kuna shimo, ama zimeungua nyeusi, kondensa ilikuwa inazikula kidogo kidogo. Watu watakuambia uipime kwa multimeta, na ndiyo, inatakiwa isome kama mikrofaradi 0.2 mpaka 0.3, lakini multimeta inaipima kwa volti chache tu, na kazini inakutana na mamia ya volti ikiwa imechemka. Ikisoma vibaya itupe. Ikisoma vizuri bado usiiamini.

Na hapa kuna ujanja ambao mimi naupenda kuliko kununua kondensa ya kufanana. Zile zinazouzwa sasa kwa moto za zamani zingine ni mbovu toka kwa kiboksi, na kila ukikosea unatoa volani upya. Kata waya ya kondensa ya zamani kule chini, hiyo ni lazima, ukiiacha itaendelea kuvuja hata ukiongeza ingine, kisha funga kondensa mpya juu, chini ya tanki kando ya bobini kubwa, waya yake kwa ile nyeusi, mwili wake kwa masi. Umeme hauoni tofauti, na kule juu kuna upepo. Kondensa ya distribita ya gari la zamani inafaa, ziko kwa kipimo hicho hicho. Ama nenda kwa wale watengenezaji wa radio, waombe ya mikrofaradi 0.22 ya volti 630, ni kadude kadogo bei yake si kitu, ifunge vizuri isitetemeke.

Volani usiipige nyundo. Kuna kifaa chake cha kuivutia, azima, kodisha, lakini nyundo inaharibu ncha ya vilebrekeni na sumaku pia hazipendi. Na ukiwa ndani, safisha platini. Za zamani zinakuwa na utando wa unyevu, mpya zinatoka na oili ya kuzuia kutu, zote mbili unapitisha karatasi ngumu yenye esanse kidogo. Kuna kale kasponji kanakogusa kam, kaweke tone moja la grisi, kakikauka mguu wa platini unalika na nafasi inafungwa yenyewe. Nafasi iwe milimita 0.3 mpaka 0.4. Kumbuka nafasi na saa ya cheche vinatembea pamoja, ukifungua platini zaidi cheche inakuja mapema, ukizifunga inachelewa. Kwa Yamaha 125 za platini zinatakiwa zifunguke pistoni ikiwa kama milimita 1.8 kabla ya kufika juu kabisa, lakini kitabu ya moto yako njo mukubwa, usinifuate mimi. Kuona zinapofunguka huhitaji kifaa, weka karatasi ya sigara katikati ya platini, ivute pole pole huku unazungusha volani, pale inapoachia njo pale. Na kabla ya kurudisha angalia klaveti (kale kachuma kanakoshika volani mahali pake), kama imekatika kidogo utarekebisha mpaka kesho kutwa na haitakaa.

Kama umefanya yote hayo na bado, sasa ndiyo tumshike bobini. Ile ya juu unaweza kuijua barabarani kwa maji: moto ikizima weka kitambaa chenye maji baridi kwa bobini dakika mbili tatu, vingine vyote bado viko na joto, ukiona imewaka basi umempata. Ama nyumbani pima ohm zake ikiwa baridi, upande wa waya ya buji (toa kofia yake kwanza, zingine ziko na resista ndani) ni maelfu, upande wa pili ni ohm moja ama chini ya hapo, andika. Kisha iweke karibu na babula (jiko la makaa), nasema karibu, si juu yake, mpaka iwe na joto ambalo mkono unalivumilia kwa shida, pima tena. Ikipanda kidogo usiogope, shaba ikipata joto inapanda kama asilimia 0.4 kwa kila digrii, kwa hiyo digrii 50 zinakupa moja ya tano zaidi, ni kawaida. Lakini ikiruka sana ama multimeta ikaonyesha hakuna njia, waya ndani imekatika, joto linaitanua. Bobini ndogo ya chini ya volani ipime hivyo hivyo, yenyewe ni ohm chache tu.

Kuhusu ile CDI ya taxi. Fundi wako hana nia mbaya, lakini kile kiboksi cha moto za sasa kinataka chakula ingine. Kinataka bobini ya volti nyingi chini ya volani, yenye waya nyembamba ya mizunguko mingi, na kabobini kengine ka kukiambia saa ya kurusha. Bobini yako ya platini haina hiyo nguvu na hakuna wa kukipa saa. Ukikichomeka tu hapo hutapata cheche hata moja, halafu mtaanza kukata waya za muzee. Kubadilisha kunawezekana ukipata kifaa kamili, volani yake, sahani yake na bobini zake, watu wanafanya na inatembea vizuri. Ila moto hii imetembea miaka mingi kwa platini, na platini unaitengeneza kwa tunevisi na karatasi ya sigara hata ukiwa Kaziba usiku.

Zile buji tatu usizitupe, weka ile yenye namba ya kitabu. Ukiwa na NGK namba ikipanda buji inakuwa ya baridi zaidi, kwa Bosch na Champion ni kinyume, nimeona mtu amelinganisha namba tu akaweka buji ya joto mno kwa injini mpya. Kesho ukipanda, kiki na kifuniko cha tanki vikiwa sawa na cheche ikiwa mbaya, anza na ile waya ya kontakti. Ukiisha kufungua volani nipigie platini picha ya karibu, pande zote mbili, kabla hujazisafisha.